Gumba la Mwokaji

Aliingia saa nne asubuhi,
saa ambayo kwake ni usiku wa manane,
theluji mabegani, unga kwenye nyusi;
hujui kipi kitadondoka kwanza.
"Nataka kulala," akasema Bi Jagna Mroczek,
kama mtu aombaye mkate dirishani.

Miaka kumi na tisa anaoka
Tarnów nzima ikikoroma.
Mji ukiamka yeye huvuta pazia,
na jirani wa juu huanza kupigilia misumari.
Hata lepe la usingizi hapati.

Nikamtandikia la kwanza:
manyoya matupu ya bata bukini,
yale ya mgongoni, yenye uti.
Nikalisifu. Rahisi, imara, litatuzika sote.
Hakulala. Alipandisha mkono wa sweta,
akazamisha gumba, akalitoa,
akahesabu, midomo ikicheza.
Shimo likabaki shimo.
"Hili halijaumuka."

La pili: nusu manyoya, nusu malaika,
yale machanga ya kifuani,
ambayo ukiyapulizia hayashuki
mpaka yatake yenyewe.
Akabonyeza. Shimo likaanza kujaa,
likaishia katikati,
kama mtu aliyesahau alichoendea chumbani.
"Maji yamezidi kidogo."

La tatu lilikuwa malaika tupu.
Bei yake niliitaja nikitazama pembeni.
Gumba liliingia bila sauti,
na lilipotoka kitambaa kikapanda nyuma yake,
kikalifuata
kama mtoto asiyetaka kuachwa.
Bi Jagna akacheka, kisha akaficha mkono mfukoni.

Nikamwambia: mama, gumba halina kiuno.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na hapa kunguni hatuna,
ila vua viatu.
Akavua. Soksi moja ya kijivu, nyingine ya kahawia.
Akalala chali, mikono kifuani,
macho darini, kama anayesubiri daktari,
akaanza kunisimulia nyumba ya bibi yake:
majira ya baridi, wanawake saba mezani
wakichambua manyoya,
mlango umetiwa komeo,
maana mtu mmoja akiingia na upepo wake
kazi ya wiki nzima inapaa.
Kupiga chafya marufuku.
Kucheka pia marufuku, lakini hilo halikuwezekana,
kwa sababu shangazi Kunegunda alikuwa na

Sentensi haikufika.
Akalala kama pono, na duka zima likamsikia.
Mteja wa mito akalipa kwa ishara.
Simu nikaifunika kwa blanketi.
Bwana Łukasik, mwenye duka, akateremka ngazi,
amekwisha kufungua kinywa afoke;
akauona unga, alama nyeupe
juu ya mto wa maonyesho;
akavuta pumzi puani, mara moja, mara mbili.
Alinukia mkate, yule mama. Mkate wa shayiri nyeusi.
Mwenye duka akarudi juu kwa ncha za vidole.

Saa tisa alasiri akaamka mwenyewe,
shavu lina mistari ya mshono,
akauliza kama mvua imenyesha.
Kisha akatoa pochi
akanunua la pili.

Nilidhani ni fedha. Nikataja punguzo,
nikataja malipo ya kidogo kidogo.
"Siyo hivyo, binti. Lile la tatu
lingenilaza hadi Jumapili.
Na hawa watu wakila nini?"
Akalibeba begani mwenyewe, akakataa msaada,
akatoka kinyumenyume mlangoni,
godoro likimvuta mtaani kana kwamba
lilikuwa linajua njia.

Kesho yake nilikuta mkate kwenye kizingiti,
wa moto bado, umefungwa gazetini.
Łukasik alikwishamaliza nusu
kabla sijavua koti.

Lile la tatu bado liko dirishani.
Alama ya unga sijaifuta.
Wateja huuliza ni doa la nini,
nami husema: bonyeza tu,
bonyeza kwa gumba,
halafu hesabu.